Jina Lililofutwa Kwenye Harusi ya Barafu

"Mama, kama jina la Shabbir halimo, na langu lifutwe!"

Binti yangu Hakima alisema hivyo mbele ya mzee Rozi, mwenyekiti wa kijiji, aliyetukuta juani tunaanika matunda ya aprikoti. Mzee alikuwa na barua kutoka Ulaya. Barafu tuliyoipanda mlimani miaka saba iliyopita imeshinda tuzo ya kimataifa ya mazingira, na wenye tuzo wanataka majina ya wabebaji wote kumi na wawili. Mzee aliandika kumi na moja.

"Binti, huyo alivunja mwiko," mzee alisema. "Tulibeba barafu dume na barafu jike tukazifungishe ndoa mlimani, zikue zitupe maji. Hutui mzigo, hufungui mdomo. Yeye akapiga kelele njiani."

"Na barafu ikafa?"

Mzee akakohoa. "Haikufa."

"Basi?"

"Hakima! Huyo ni sawa na baba yako!" nilimkemea.

Niseme ukweli. Shabbir alipoleta posa mwaka ule, aliyemkataa ni mimi. Nilimwambia mama yake, "Mwanamume anayeshindwa kunyamaza siku moja kwa ajili ya maji ya kijiji kizima, ataweza kutunza nyumba ya mwanangu?" Kijana akaenda mjini Skardu kufunga mabomba. Hakima akakataa posa tatu. Nilimwona anavyokonda, nikadhani yatapita.

Simu ya Hakima ikatoa mlio katikati yetu. Ujumbe ulitoka kwa Shabbir, nikausoma kabla hajaidaka:

"Nimepata habari za tuzo. Usiwaambie, Hakima. Maji yapo, inatosha."

"Usituambie nini?" niliuliza.

Hakima akakaa chini, mikono inanata aprikoti.

"Aliyepiga kelele ni mimi, mama. Niliteleza kwenye changarawe, nikaita 'Ya Ali!' Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyemwona mwenzake. Tulipofika juu na kuizika barafu, mzee akauliza ilikuwa sauti ya nani. Shabbir akainua mkono."

"Kwa nini?"

"Ungeishije hapa, mama? Wangekwambia binti wa mjane kaua maji yao."

Mzee Rozi akavua kofia yake ya sufu.

"Kumbe hakutamka neno?"

"Hata moja. Aliinua mkono tu."

Mzee akatoa orodha yake, akaandika jina la Shabbir, la kumi na mbili.

Kesho yake nilipanda mlima pamoja nao. Tangu barafu ile ipandwe sikuwahi kwenda. Tuliisikia kabla ya kuiona, inanguruma ndani kwa ndani. Mzee akasogeza mawe mawili. Ya Rabi! Vipande vilivyobebwa mgongoni kwa vikapu vilikuwa vimeungana vikawa mwili mmoja wa buluu, mrefu kupita msikiti wetu, na chini yake maji yanatoka kwa nguvu. Nikasujudu palepale juu ya mawe. Mungu alikuwa ameikubali ndoa ile miaka yote, mimi nikiendelea kumhukumu mtoto wa watu.

"Nipigie namba yake," nikamwambia Hakima.

"Shabbir, ni mimi, mama yake Hakima."





"Salaam aleikum, mama. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Nikasikia anavuta pumzi. "Nilishasamehe, mama."

"Bado unamtaka?"

"Sijawahi kuacha."

"Mlete mama yako basi."

"Muulize kama ana nauli ya gari!" Hakima alipaza sauti, huku anafuta machozi.

"Mwambie nitakuja hata kwa miguu!"

Alifika Ijumaa na mama yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakima akasimama mlangoni, amekunja mikono.

"Umezeeka."

"Na wewe umekuwa mkali."

"Nilikuwa hivi tangu zamani, hukuwa unaona. Ingia, chai inapoa."

Mama yake Shabbir akawahi kuingia kabla yake. Tukakumbatiana, tukalia, kisha tukapanga siku ya nikaha.