Dumu Katikati ya Barabara

Siku ambayo Baba Mapacha hakurudi ilikuwa Jumanne. Asubuhi alifunga kamba za viatu vyake vya jeshi, akawakanya mapacha wake wasigombanie taulo, akaenda kazini. Alikuwa dereva wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kupeleka maji kwa lori kwenye kituo cha walinzi, mwendo wa saa mbili kutoka mjini.

Saa tisa alasiri maofisa wawili walisimama mlangoni, kofia zao mkononi. Mama Mapacha alikuwa kwenye cherehani yake, anashona mfuko wa suruali. Aliwatazama nyuso zao. Akaondoa mguu kwenye pedeli kabla hawajasema neno.

Walimweleza taratibu. Katikati ya barabara palikuwa na dumu la njano, kama limeanguka kutoka kwenye gari la mtu. Baba Mapacha alisimamisha lori. Alishuka ili aliondoe, wanaomfuata nyuma wasije wakaligonga. Chini ya dumu lile palikuwa pamefukiwa bomu.

Mama Mapacha hakuuliza kwa nini mumewe alishuka. Alijua. Mama mkwe wake aliwalea wanawe wote kwa neno moja: ukiona jiwe njiani, liondoe, ukiliacha, umemkwaza mwenzako. Baba Mapacha alilishika neno hilo hadi ukubwani. Kutoka nyumbani kwake hadi dukani hukuti kipande cha chupa. Majirani walimtania kwamba angeajiriwa na manispaa angepandishwa cheo mapema.

Miezi miwili ilipita. Jumapili moja alikuja mdogo wa marehemu, naye dereva wa jeshi. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu hakupenda kuzikanyaga. Alikaa, akazungukazunguka kwa maneno, mwisho akasema amepangiwa lori la maji. Njia ni ile ile.

"Na kuhusu mabomu umefundishwa nini?" aliuliza Mama Mapacha.

"Walituonyesha picha ukutani, nusu siku. Lakini shemeji, ajali haina kinga. Siku yangu ikifika, imefika."

"Kumbe. Mbona ukivuka barabara unatazama kulia na kushoto? Si ufumbe macho uvuke, kama siku haijafika?"

Breki alicheka kidogo. Mama Mapacha hakucheka.

"Tena ile haikuwa ajali," alisema. "Ajali ni tairi kupasuka. Bomu limewekwa na mkono wa mtu. Mkono wa mtu huacha alama. Nataka ufundishwe kuziona."

Kesho yake Mama Mapacha alikwenda kambini kumwona kamanda. Mlinzi wa mapokezi alimwambia mafunzo ni mambo ya wanajeshi. Alirudi siku ya pili, akaambiwa kamanda yuko kikaoni. Siku ya tatu alikuja na sare za watu kwenye kikapu, akaketi kwenye benchi la korido, akaanza kupinda mapindo. Kila ofisa aliyepita ilibidi aruke miguu yake. Saa nane kamanda mwenyewe alitoka, akamwita ndani.

Kamanda alimsikiliza hadi mwisho. Alikiri kwamba yupo sajini mtaalamu wa kutegua mabomu ambaye angeweza kuwafundisha madereva vizuri. Tatizo ni muda. Madereva wakikaa darasani, kituoni watakunywa nini?

"Alipokufa mume wangu, maji hayakufika kituoni siku ngapi?" aliuliza Mama Mapacha.

Kamanda alifungua daftari lake. "Siku tano."

"Na mafunzo ni ya siku ngapi?"

Kamanda alilifunga daftari. "Tano," alisema. Kisha akainua simu, akamwita sajini.

Sajini alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Kabla ya kuanza mafunzo alifika kwa Mama Mapacha, akamuuliza marehemu alikuwa na tabia gani barabarani. Alielezwa habari za mawe na chupa. Akamwomba aje siku ya kwanza, akae tu.

Siku hiyo Sajini aliweka tairi kuukuu katikati ya barabara ya mazoezi. Hakusema kitu. Breki akatangulia na lori. Alipofika kwenye tairi alisimama, akashuka, akaliinua. Filimbi ikalia.

"Umeshakufa, dereva," alisema Sajini. "Kaa pale kivulini, usubiri wenzako."

Madereva waliangua kicheko. Mmoja aliuliza rambirambi zipelekwe kwa nani. Ndipo wakamwona Mama Mapacha kwenye benchi, na kicheko kikakatika.

Breki alikasirika. "Nilikuwa nawaondolea wenzangu taabu. Ndivyo tulivyolelewa."

"Najua," alisema Sajini. "Na anayetega bomu anajua pia. Hakutegi kwa ujinga wako. Anakutega kwa wema wako, kwa haraka yako, na kwa mazoea yako."

Akawafundisha. Kwanza, ijue barabara yako ilivyo kila siku, ili kilichobadilika kikushtue. Udongo uliochimbuliwa jana una rangi tofauti. Waya hauoti porini. Dumu, gunia au mzoga ukiwa mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, jiulize nani kauweka. Angalia zaidi kwenye kona na madaraja madogo, mahali ambapo gari lazima lipunguze mwendo. Angalia na watu pia. Wenyeji wakiacha ghafla kupita mahali, wana sababu.

Ukiona dalili, usiguse. Usikisogelee kitu hicho ili ukione vizuri. Simama mbali, na kabla hujakanyaga chini tazama hapo uliposimama, maana huenda lipo la pili linalokusubiri wewe unayejiona mjanja. Waonye wenzako. Rudi nyuma kwa kufuata alama za matairi yako mwenyewe. Ukishafika mbali, ndipo utumie redio kueleza umeona nini na wapi. Zuia watu pande zote, kisha subiri wataalamu. Hata wakichelewa, subiri.

Kusikia ni rahisi, kutenda ni kazi. Siku ya pili Breki alikufa tena. Siku ya tatu akafa mara mbili, mara moja kwa sababu ya tawi la mti. Wenzake wakasema ana roho nyingi kuliko paka. Jioni alikwenda kwa shemeji yake, amenuna.

"Mkono unakwenda wenyewe," alisema. "Nikipita nikakiacha, naona kama namtukana mama."

Mama Mapacha aliweka mkasi chini. "Mama alisema uliondoe jiwe kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya anayekuja nyuma."

"Basi shida yake ilikuwa huyo anayekuja nyuma, wala si jiwe. Ukimzuia asifike pale, mama yako hujamtukana."

Siku ya tano Breki hakufa.

Wiki tatu baadaye alikuwa anaongoza malori mawili kwenda kituoni. Alipokaribia daraja dogo, alipunguza mwendo. Kila siku wauza matunda hukaa pale na meza zao. Siku hiyo meza zilikuwepo, watu hawakuwepo. Mbele ya daraja, ukingoni, palikuwa na kiraka cha udongo mbichi, na juu yake gunia.

Alisimama mbali. Nyuma yake dereva mwenzake alipiga honi, akauliza kwa kelele kama leo Breki amekumbuka breki. Breki alimwonyesha mkono: rudi. Alitazama chini pande zote, akarudisha lori pole pole juu ya alama zake. Walipofika mbali alitoa taarifa kwa redio. Kituo kikawatuma walinzi kuifunga barabara upande wa pili. Yeye akasimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

Mwendesha pikipiki mmoja alitaka kupenya. Alisema anapita hapo kila siku, na abiria wake anachelewa.

"Chelewa," alisema Breki. "Kaka yangu aliwahi."

Walisubiri saa nne juani. Watu walisonya, wakamwita mwoga, wakamwita mengine. Hakutoka pale. Sajini na kikosi chake wakafika, wakakagua kwa mbali, wakalilipua bomu lile hapo hapo. Ardhi ilitikisika. Yule wa pikipiki alikaa chini, akashika kichwa.

Maji yalifika kituoni saa moja jioni. Breki aliyapeleka mwenyewe. Kesho yake asubuhi alimsimulia Mama Mapacha yote, hatua kwa hatua. Alipomaliza, shemeji yake alilia kwa mara ya kwanza mbele yake. Kisha alinawa uso, akamwambia avue shati, limechanika bega.

Sasa hakuna dereva wa kambi ile anayepewa funguo kabla ya kumaliza siku zile tano. Mafunzo huanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Mama Mapacha ndiye huzungumza kwanza. Huwaeleza habari za dumu la njano kwa dakika kumi, kisha hurudi kwenye cherehani.