Waranti Kutoka Moshi

Zainab alifagia ua mara ya tatu asubuhi hiyo. Ua ulikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Jana askari wa Thika alikuja hapa Ruiru kumwulizia mumewe, Abdulkarim, akamkosa. Alisema kuna waranti ya kumkamata kutoka Moshi, Tanganyika. Magurudumu ya lori yaliibwa huko tarehe tisa Julai, 1958, na Abdulkarim ametajwa.

"Ondoka leo, nenda Uganda," Zainab alimwambia mumewe. "Na hii naichoma, wasijue unafanya kazi hapa."

Mkononi alikuwa na kiberiti na tikiti ya kazi ya mumewe. Nyapara wa shamba la kahawa huitia alama na tarehe kila siku ya kazi, mpaka zitimie siku thelathini.

"Niliacha kazi Moshi mwezi wa tano," Abdulkarim alisema. "Sikuiba hata nati."

Jirani yao Bedan, mkalimani wa mahakama ya Thika, aliwasikia kutoka mlangoni pake.

"Mama Ahmad, kiberiti hicho ni cha kupika chai au cha kumfunga mumeo?"

"Bwana Bedan, watamtia garini wavuke naye mpaka!"

"Hawawezi hivyo tu. Waranti ya Moshi haina nguvu hapa mpaka hakimu wa hapa aikague na kuitia sahihi. Kisha mtu huletwa mbele yake. Hakimu huuliza kama kweli ndiye aliyetajwa. Kama shtaka ni dogo mno, au limeletwa kwa hila, anaweza kukataa kumrudisha."

"Basi atamwachilia!"

"Sijasema hivyo. Hakimu wa Thika haamui nani aliiba. Hiyo ni kazi ya mahakama ya Moshi, penye mashahidi. Na Uganda wanafuata utaratibu huohuo. Atarudishwa kutoka huko, kisha aulizwe kwa nini alikimbia."

Zainab aliketi. Akasimama tena.

Bedan alinyoosha mkono. "Lete tikiti. Tarehe tisa ulikuwa wapi, Baba Ahmad?"

"Shambani, nikipalilia. Nyapara alikuwepo."

"Alama iko hapa. Aii, mama! Ulitaka kuuchoma ushahidi wake!"

Zainab alikificha kiberiti ndani ya kanga.

Siku iliyofuata Abdulkarim alijipeleka mwenyewe polisi Thika, na tikiti mfukoni. Hakimu aliikagua waranti, akaona ni halali, akaagiza apelekwe. Askari wa Tanganyika alikuja kumchukua. Zainab alifagia ua kila siku, wiki tatu nzima. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande.

Huko Moshi mahakama ililinganisha tikiti na daftari la shamba. Alama za tarehe tisa Julai zililingana. Shtaka lilifutwa.

Abdulkarim alirudi Alhamisi. Zainab alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda. Tikiti iko wapi?"

"Wamenirudishia."

Bedan alichungulia, sigara mdomoni. "Mama Ahmad, sasa naweza kuazima kile kiberiti?"

Ijumaa asubuhi nyapara alitia alama nyingine kwenye tikiti ileile.