Aliyeandika Hasomi

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani ya bibi yake na kuanza kumtungia uzi kwenye sindano. Jina la Chiriku alibandikwa na bibi mwenyewe, maana mdomo wake haukujua likizo. Waliishi wawili tu katika nyumba ile ya vyumba viwili: yeye, mwenye miaka kumi na miwili, na bibi, fundi cherehani ambaye moyo wake, kwa maneno ya daktari, ulikuwa umechoka. Mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, aliishi upande wa pili wa mji na alikuja Jumapili.

Wiki ile kulikuwa na kazi ya ziada. Juu ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa, lilikaa daftari la jalada la kijani. Lililetwa na watu wawili wa kikundi cha mtaa, nesi mstaafu na fundi viatu wa pale kona. Hao walikuwa wakiwatembelea wazee na wagonjwa, wakiwauliza mapema yale ambayo watu huogopa kuyauliza. Ukifika mahali huwezi tena kusema, nani akusemee? Ungependa kuuguzwa wapi? Nani awe karibu nawe? Majibu yaliandikwa ili siku ikifika ndugu wasigombane, na mgonjwa asiburutwe asikotaka.

"Hatukuharakishi, bibi," nesi alisema. "Fikiri wiki nzima. Jumamosi tutakuja tusome pamoja."

Bibi hakujua kusoma. Enzi za utoto wake wavulana walipelekwa shule, wasichana wakaachiwa ndoo na mafagio, halafu wakaitwa wajinga na walewale waliowanyima kalamu. Bibi hakulisahau hilo, wala hakulisamehe. Basi yeye akawa anasema, Chiriku anaandika.

Siku ya Jumatano, darasani, mwenzake wa dawati alimgusa kiwiko.

"Eti kwenu wamepita wachimba kaburi?"

"Si wachimba kaburi! Ni watu wa kikundi."

"Shauri yako. Kwa babu yetu walipita na hilo daftari lao. Mwezi haukuisha."

Hakusema kwamba babu huyo alikuwa amelala kitandani miaka miwili kabla daftari halijafika. Na Chiriku, msemaji wa darasa zima, akaanza kuhesabu siku za mwezi zilizobaki.

Jioni hiyo walifika swali la nne: Siku zako za mwisho ungependa uuguzwe wapi? Bibi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Andika: hapa kwangu. Wasinirudishe hospitali kubwa."

"Lakini bibi, kule kuna madaktari!"

"Wapo, tena wazuri. Dawa zao nitazimeza mpaka mwisho. Ila huo mwisho wenyewe nautaka hapa. Andika."

Chiriku aliinama. Kalamu yake ikaandika: Hospitali kubwa. Hata iweje.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

"Hapa kwangu," alisoma Chiriku kwa sauti ndogo.

Bibi akacheka. "Leo chiriku wangu kameza pamba? Haya, la tano."

Jumamosi mchana wageni walipiga hodi, wakakaribishwa. Chiriku aliwaamkia, kisha akalikumbatia daftari kifuani. Mpango wake alikuwa ameuchora vizuri kichwani. Angesoma mwenyewe, angesoma yale bibi anayotaka kuyasikia, bibi angebonyeza dole gumba, na mambo yangekwisha.

"Nasoma mimi," alisema.

Fundi viatu akanyoosha mkono wake uliojaa rangi ya viatu kwenye kucha. "Hapana, mwanangu. Kwetu aliyeandika hasomi."

"Kwani hamniamini?"

"Hata mimi nikiandika, sisomi. Anasoma nesi, na akikosea ananiona navyomkazia macho."

"Macho yenyewe bila miwani hayaoni mbele ya pua," nesi akadakia, na bibi akacheka hadi akakohoa.

Fundi viatu hakucheka. "Ngoja nikwambie utaratibu huu ulikotoka. Baba yangu aliitwa ofisini kuweka dole gumba kwenye karatasi ya shamba. Karani ndiye aliyeiandika, na karani huyohuyo ndiye aliyeisoma. Alisoma kwamba shamba ni letu. Karatasi ilisema tumelitoa. Wakati huo nilikuwa mdogo kuliko wewe. Imepita miaka arobaini na tano, na leo ukinionyesha koti la yule karani kati ya makoti mia, nitalitambua. Ndiyo maana nasema, nipe daftari."

Chiriku akalitoa.

Fundi viatu alivaa miwani, akasoma polepole. La kwanza, jina na umri. La pili, wa kumsemea ni mama mdogo. La tatu, azikwe bila mbwembwe. Baada ya kila jibu alimtazama bibi, na bibi akatikisa kichwa kukubali.

"La nne..."

"Subiri!" Chiriku aliruka kutoka kwenye kigoda. "Hapo nimeandika uongo. Bibi alisema hapa nyumbani. Mimi nimeandika hospitali."

Bibi akaagiza, "Soma kilichoandikwa."

"Hospitali kubwa. Hata iweje."

"Kumbe ningebonyeza dole gumba hapo," bibi alisema taratibu. "Nimenyimwa shule, nikanyamaza. Sasa nanyimwa na neno langu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu?"

"Sitaki ufe!" Chiriku aliangua kilio.

"Karani alifanya kwa tamaa, wewe umefanya kwa mapenzi," fundi viatu alisema. "Lakini mwenye dole gumba anapotezwa njia ileile."

Bibi akamvuta Chiriku kando yake. "Kufa nitakufa tu, mke mwenzangu, uandike usiandike. Unajua kwa nini siitaki ile wodi? Kwenye kitanda cha pembeni yangu alilala mama mmoja. Saa ya kutazama wagonjwa ilikwisha, geti likafungwa. Binti yake alikuwa nje ya geti, anaomba dakika tano. Hakupewa. Yule mama alikufa akimwita, na aliyemsikia ni mimi peke yangu."

Nesi alikaa chini sakafuni, uso wake ukalingana na wa Chiriku. "Na wewe, hebu sema. Unaogopa nini hasa?"

Chiriku akajifuta machozi. "Nitoke shule... nimkute amekufa. Niko peke yangu. Sijui nimwite nani."

Bibi akamkumbatia. "Hilo sikuliwaza hata kidogo. Nimejipangia mimi, nikamsahau ninayeishi naye."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Mama mdogo alipigiwa simu, akaahidi kuhamia pale mara tu nguvu za bibi zitakapoanza kupungua. Nesi akaahidi kuja asubuhi na jioni, pamoja na dawa za maumivu kutoka zahanati. Namba za simu ziliandikwa kwa tarakimu kubwa, zikabandikwa ukutani. Bibi akaongeza jibu ambalo hakuna swali lililoliuliza: mjukuu wangu asiachwe peke yake na mimi, hata saa moja.

Chiriku alikata mstari wa uongo, akaandika mpya. Nesi akausoma kwa sauti. Bibi alisikiliza hadi nukta ya mwisho, akabonyeza dole gumba.

Wageni walipoondoka, bibi alimgeukia.

"Uongo ule ungepita, mimi ningepelekwa nisikotaka, na wewe ungebaki na hofu yako bila mtu wa kukusaidia. Sikiliza. Usipokubaliana na mtu, mwambie usoni. Bishana naye, lia, piga miguu chini. Lakini akikukabidhi neno lake, liandike kama lilivyomtoka."

"Na kama neno lenyewe silipendi?"

"Hilo ndilo la kuliandika kwa mwandiko wako mzuri kuliko yote."