Kuku wa Nyumba Iliyozama

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo Scovia alipotua bido la maji mlangoni na kwenda kufunga kuku. Meshaki alikuwa amelala mgongoni kwake. Mtoto huyo alikuwa amepita umri wa kuanza kutembea, lakini miguu yake bado ilikuwa laini kama ya mtoto wa juzi. Muuguzi wa kituo cha afya alisema apewe yai kila siku, bila kukosa. Kwa hiyo kuku wale hawakuwa kuku tu. Walikuwa miguu ya Meshaki.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa ziwa. Siku hizo kanu, yule mnyama wa madoa mwenye mkia mrefu, alikuwa ameanza kuzunguka. Alibeba vifaranga wote, akaacha harufu yake kali kwenye majani. Hubert, mume wa Scovia, kabla ya kurudi Nyanza-Lac kwenye kazi ya kukamua mawese, alitega kitanzi cha waya kando ya banda.

Kitanzi kilikuwa kimenasa.

Scovia alifurahi. Aliokota kijiti, akamchokoa yule kanu. Hakujitikisa. Akamshika mkia, akamwinua...

Alikuwa mwepesi.

Mwepesi kama ganda kavu la mgomba. Hakuwa na jeraha, wala tone la damu chini. Ilikuwa ngozi tupu juu ya mifupa, na manyoya yake yalikuwa yamelowa, yanachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha.

Scovia akamwachia. Ndipo alipoona mlango wa banda uko wazi. Kamba yake haikukatwa wala kutafunwa. Ilikuwa imefunguliwa, ikakunjwa vizuri, ikawekwa juu ya jiwe.

Kuku mweupe hakuwepo. Wengine walikuwa wamekaa kwenye mti wao wa kulalia, kimya, wote wameelekeza vichwa ziwani. Kuku waliotembelewa na mnyama hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Hawa walitulia kama watoto wanaongoja kupakuliwa.

"Mama Meshaki! Iko nini huko?"

Alikuwa Bibi Mwasiti, jirani yake, mjane anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Kichwa chake kilichungulia juu ya ua.

"Kanu, Bibi. Amenasa."

"Alhamdulilahi! Mupike basi. Mimi dini hainiruhusu, lakini kunusa sikatazwi!"

Scovia hakucheka. Alimwinua kanu kwa kijiti ili Bibi Mwasiti amwone. Kicheko cha mama yule kikakatika. Alizunguka ua, akaja, akagusa manyoya yale yaliyolowa, kisha akanusa vidole vyake.

"Hii maji ya ziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, kuku hizi ulizitoa wapi?"

Scovia akatazama chini. Hakuwa mwepesi wa kusema, hata mbele ya watu aliowazoea. Mwaka ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za mstari wa chini, watu walikimbilia juu na magodoro vichwani. Maji yalipotulia, Scovia aliona kuku wamekaa juu ya bati la nyumba ya Bibi Zena, katikati ya maji. Aliingia maji hadi kifuani, akawachukua. Hakuna aliyemkataza.

"Nilizitoa juu ya nyumba ya Bibi Zena. Hazikuwa na mwenyewe."

"Zilikuwa naye. Usiku ule Zena alikuwa tayari iko na sisi huku juu. Akasema anarudi kuchukua kuku zake. Tukamushika nguo, akatuponyoka. Kuna wanaosema mutoto wake alimuchukua Bujumbura. Mimi sijaona mutu aliyemuona huko."

Maji yakapiga kuta za zile nyumba tupu, kule chini.

"Uzilaze ndani," Bibi Mwasiti akasema mwishowe. "Kuku zilale ndani na bwana alale Nyanza-Lac, basi iko hivyo." Alijaribu kutabasamu. "Lakini mutu akiita wakati wa magharibi, usiitike. Umenisikia? Usiitike."

Kesho yake Scovia aliwaingiza kuku mapema, akafunga mlango kwa komeo, akasukuma kinu nyuma yake. Akawasha taa. Meshaki alikaa kwenye mkeka akichezea mfuniko wa sufuria. Adhana ikasikika kutoka mjini, ikaisha.

Harufu ikaja kwanza.

Tope. Majani yaliyooza. Kitu kama samaki aliyesahauliwa juani.

Halafu sauti ya maji yanayodondoka. Tone... tone... mbele ya mlango.

"Kuu... kuu... kuu..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, taratibu, yenye mapenzi. Hivyo ndivyo mtu anavyoita kuku wake akiwa na mahindi mkononi. Kuku wakaruka kutoka pembeni walikolala, wakaukimbilia mlango. Hawakuogopa. Walisukumana, wakagonga mbao kwa midomo, mabawa yakipiga taa hadi mwanga ukacheza ukutani.

Scovia alijiziba mdomo kwa khanga.

Ndipo Meshaki akacheka. Alitupa mfuniko, akaanza kutambaa, anafuata kuku, anafuata ile sauti. Mkono wake mdogo ukaingia kwenye uwazi chini ya mlango.

Scovia akamvuta. Alimkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, bila kufikiri, alisukuma kinu pembeni, akafungua mlango kidogo, akamkamata kuku mwekundu na kumtoa nje, gizani.

Mkono ulimpokea.

Ulikuwa baridi, umelowa. Uligusa vidole vyake kwa upole, kama mtu anayesema asante. Kisha hatua nzito zikashuka kuelekea ziwani, na harufu ikaondoka nazo.

Jumapili Hubert alirudi. Alisikiliza hadithi yote akila ugali, akatikisa kichwa.

"Kanu hatembei peke yake, Scovia. Huyo ni mwenzake. Na weye unamufungulia mulango!"

"Alikuwa na mkono, Baba Meshaki."

"Bibi Mwasiti amekujaza kichwa." Akabadilisha waya wa kitanzi, akaweka mawe kuzunguka banda, akapanda basi kabla jua halijashuka.

Hakuwepo kusikia jioni ile. Wala jioni zilizofuata.

Scovia aliendelea kutoa. Kila magharibi alifungua mlango kidogo, kuku mmoja akatoka, na kila mara mkono ulimpokea kwa upole. Mwanamke aliyekuwa amelinda kuku kuliko mali yoyote sasa aliwatoa mwenyewe, akilia bila sauti. Mayai yakaisha. Alingoja kuona Meshaki akikonda tena.

Hakukonda. Mashavu yake yalijaa. Mapaja yakakaza. Hilo nalo lilimtia Scovia hofu, ingawa hakujua amwambie nani.

Kuku wa mwisho alipotoka, alihisi mzigo umeshuka. Asubuhi alifagia manyoya, akayachoma nyuma ya nyumba. Bibi Mwasiti alimletea ndagala kwenye sahani, akamwambia amefanya vizuri, mwenye kuku amepata wake, sasa atalala.

Jioni Scovia alifunga mlango kwa mazoea tu. Alipika. Adhana ikaisha.

Harufu ikaja.

Tone... tone...

"Kuu... kuu... kuu..."

Scovia alisogea hadi mlangoni. Alisahau alivyokatazwa. Akaweka mdomo wake kwenye mbao, akanong'ona:

"Wameisha, Bibi Zena. Nimekurudishia wote."

Alisikia pumzi upande wa pili, karibu kabisa na mdomo wake.

"Bado mmoja," sauti ikasema polepole. "Yule uliyemkuza kwa mayai yangu."

Nyuma ya Scovia kitu kilipiga sakafu. Pah. Akageuka.

Meshaki alikuwa amesimama katikati ya mkeka. Hakushika ukuta wala kinu. Macho yake yalikuwa mlangoni, uso wote unacheka. Akainua mguu mmoja, akaukanyaga. Akainua wa pili.

Ilikuwa hatua ambayo Scovia aliiombea kanisani, hatua aliyoingoja tangu mtoto wa kila jirani aanze kukimbia.

"Kuu... kuu..."

Scovia alimrukia, akamnyanyua, akambana kifuani na kumziba masikio kwa nguvu zake zote. Mtoto hakulia. Hakumtazama mama yake.

Miguu yake iliendelea kutembea hewani.