Daftari la Funguo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alimtungia mama yake nyuzi kwenye sindano za kushonea. Jina hilo la utani alipewa na baba, fundi cherehani, kwa sababu macho yake hayakukosa tundu. Sasa baba hakuwepo. Miezi minne iliyopita, saa nne asubuhi, gari la kiwanda cha mikate liliacha njia likamgonga akipeleka sare za wanafunzi. Dereva alikuwa amelewa chakari. Alifungwa.

Asubuhi moja bosi wa kiwanda hicho aliingia nyumbani kwao na kreti ya mikate na karatasi moja.

"Pole tena, shemeji," alimwambia mama. "Aliyekosa yuko jela. Mimi sikushika usukani, ila nina utu. Tia sahihi hapa, yaishe."

Mama, aliyechoka kulia, alishika kalamu. Sindano akaivuta karatasi na kuisoma kwa sauti: "Familia haitadai fidia yoyote, sasa wala baadaye."

"Mtoto huyu ana mdomo," bosi alisema.

"Ana macho pia," mama alijibu, akaiweka kalamu chini. "Njoo kesho."

Sindano alitoka kwa hasira. Baba mzima wa watoto watatu, na wanaletewa mikate! Akaokota jiwe, akaenda moja kwa moja hadi lango la kiwanda. Gari lile lile lilikuwa limeegeshwa pale, limepakwa rangi mpya.

"Lishushe hilo jiwe, mjukuu wangu," mzee mlinzi alisema. "Ukivunja kioo, wao ndio watakushtaki wewe."

"Babu, siku ile ulikuwa hapa. Hukuona kwamba amelewa?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akafungua daftari ambalo kila dereva hutia sahihi kabla ya kukabidhiwa funguo. Kwenye tarehe ile mzee alikuwa ameandika: "Ananuka pombe. Nimemnyima funguo." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Mpe. Mikate inachelewa." Sahihi ilikuwa ya bosi.

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa kibarua changu kuota nyasi."

"Nyasi zimeota kwenye kaburi la baba," Sindano alisema.

Mzee alilisogeza daftari kwenye mwanga. Aliupiga ukurasa ule picha kwa simu yake, na jioni alifuatana na mama na Sindano hadi kwa wakili wa msaada wa kisheria.

"Kifungo ni adhabu ya dereva kwa kuvunja sheria," wakili alimweleza mama. "Fidia yenu ni kesi nyingine, ya madai. Na mwajiri aliyempa mlevi gari anawajibika pamoja naye."

Kesi ilichukua mwaka. Hakimu aliamuru daftari liletwe, akamtaka bosi asome alichoandika kwa mkono wake.

"Mpe," bosi alisoma kwa sauti ndogo. "Mikate inachelewa."

Kiwanda kiliamriwa kulipa fidia ya kuitunza familia, na ya kuwasomesha watoto wote watatu hadi wamalize. Hata hivyo Sindano alitoka mahakamani amenuna, maana baba hakurudi.

"Bado una hasira?" mama aliuliza.

"Ninayo."

"Hata mimi. Hasira si kosa, mwanangu. Kosa lingekuwa kuimalizia kwenye kioo, ukweli ukabaki umelala daftarini. Na karatasi usiyoisoma usiitie sahihi kamwe, hata ikiletwa na mikate."