Taa ya Langoni

Saa ya chakula cha mchana soko la Hakaniemi hufurika watu waliolowa mvua. Tuukka alikuwa akijipenyeza katikati yao na bakuli lake la supu ya samaki, mara kiwiko cha mtu kikamgonga. Supu yote ikamwagikia koti la mvua la njano, na ndani ya koti hilo alikuwemo mwanamke mwenye nywele fupi nyekundu.

"Samahani! Samahani sana, dada!"

"Sasa mimi nile koti?" akauliza yule mwanamke, kisha akacheka.

Jina lake Saimi. Tuukka alipokuwa akimfuta, akaona kifuani pake pini ndogo yenye umbo la taa. Taa ile aliichora yeye mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kubuni Bonde la Giza, mchezo wa mtandaoni.

"Kumbe unacheza?"

"Mimi mkongwe, bwana! Taa yangu sikuiokota. Niliisaka mlimani mle mchezoni majira yote ya baridi na kaka yangu Aatos, yeye akicheza kitandani hospitalini. Ndiye aliyeniwashia. Haukupita muda tukamzika."

Hapo ndipo Tuukka alipopaswa kufungua mdomo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameamua kwamba kila mgeni apewe taa langoni, bure, tayari inawaka. Wageni walikuwa wakiingia, wanakanyagwa gizani na wakongwe, wanatoka hawarudi tena. Na mchezo usio na wageni hufa. Alimtazama Saimi, akasema tu, "Ngoja nikununulie supu nyingine."

Mwoga yule! Supu ikazaa kahawa, kahawa ikazaa matembezi, hata Saimi akampeleka kuoga mvuke katika sauna ya kwao, kwa mama yake, heshima ambayo hapewi mpita njia.

"Hivi hasa unafanya kazi gani?" Saimi alimuuliza siku moja, akimvuta sikio.

"Za kompyuta. Za kuchosha."

"Kama wewe mwenyewe!"

Wakacheka. Lakini kila alipobusiwa, Tuukka alijisikia mwizi.

Kisha taa zikagawiwa. Simu ikalia.

"Tuukka, wamezigawa!" Saimi alikuwa analia. "Wanazigawa langoni kama peremende! Aliyeingia jana ana taa kama ya Aatos. Nani huyo asiye na moyo aliyewaza hili?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeamua ni mimi, mpenzi. Siku ile ya supu nilikuwa nimeshaamua."

"Nikakusimulia habari za ndugu yangu, ukanyamaza? Ukaja ukaketi na mama yangu?"

Saimi akakata simu, na kila Tuukka alipompigia hakupokea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kwa Tuukka mgeni alikuja, mwenyeji akaumia, na mwenyeji mwenyewe ni mtu anayempenda. Chakula kilimshinda. Azinyang'anye taa zile? Atawaonea wageni, nao hawana kosa. Aziache? Atamwona Aatos kila akifumba macho. Mwishowe akamwendea bosi wake, Marketta.

"Wageni wabaki na taa zao, ila ziwe zimezimika," alisema. "Aziwashe mkongwe tu, kwa mkono wake. Na kila taa ionyeshe jina la aliyeiwasha, na la aliyemwashia huyo, mpaka moto wa kwanza."

"Na wakongwe wakigoma?"

"Basi nitakuwa nimeharibu mara mbili. Na tangazo litoke kwa jina langu. Liseme nilikosea."

Marketta akakubali.

Mabadiliko yalipotoka, Tuukka aliingia mchezoni kama mgeni, akajiita Supu, akasimama langoni na taa yake baridi. "Pisha njia, chekechea!" mkongwe mmoja akamfokea. Alistahili. Mwingine mwenye huruma akataka kumwashia, akakataa. Akaendelea kusimama. Ndipo simu ikalia.

"Kuna mpumbavu anaitwa Supu kaziba lango," ilisema sauti aliyoililia.

"Anaomba moto."

"Nasikia moto wa watu kaukataa."

"Anataka wa Aatos, kama mwenyewe utaridhia."

Akasikia mtu akipenga kamasi. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea mwanamke wa joho la njano, akainama, akaigusa taa. Ikawaka, na chini yake yakajiandika majina: Aatos. Saimi. Supu.

Tuukka akaangua kilio.

"Acha kulia, sijakusamehe," Saimi alisema, naye sauti ikimkatika. "Nina hasira nawe mpaka kwenye kucha. Nyuma yako kuna wageni gizani, nitawawashia wote, jina la kaka yangu liende mbali. Wewe nenda kwa mama. Sauna inapata moto. Ukamweleze kwa mdomo wako, kama ulivyopaswa kunieleza mimi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Lakini sitakusaidia hata neno."

Tuukka akavaa viatu.