Ute wa Kahawia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliwalisha vifaranga wa samaki wa Shangazi. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alivaa glavu kama alivyofundishwa, akachota unga kwa kifuniko cha chupa, akaunyunyiza juu ya matangi. Vifaranga, wadogo kama punje za mchele, walipanda juu wakagombania.

Unga ule ulichanganywa na homoni. Kifaranga akiula tangu akiwa mchanga huwa dume, na wafugaji hutaka madume kwa kuwa hukua upesi. Lakini homoni hailiwi yote. Nyingine hubaki majini, na maji ya matangi mwisho wake ni kijitoni. Kwa hiyo Shangazi alijenga karo la kokoto uani, maji yapite humo polepole kwanza. Kokoto hizo zilifunikwa na ute wa kahawia, wenye harufu ya matope yaliyolala.

Harufu hiyo ndiyo iliyomtesa Chiriku.

"Jamani, fungueni madirisha, bwawa limeingia darasani!" alisema Redio, msichana waliyekaa naye dawati moja. Wenzake walicheka mpaka wakapiga meza. Siku ile Chiriku hakufungua kinywa, hata mwalimu akamwuliza kama anaumwa.

Jumamosi Shangazi alikuwa na safari ya kuwapelekea wateja samaki.

"Suuza kokoto za juu tu," alimwagiza, "tena kwa maji ya bwawa. Sabuni sitaki, maji ya bomba sitaki. Na ute usiutoe wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Aliposhika kokoto ya kwanza, mikono ikanuka. Akakumbuka kile kicheko. Stooni kulikuwa na dawa ya klorini ya kuoshea matangi matupu. Akaimimina karoni, akasugua, akasuuza, akasugua tena. Adhuhuri kokoto zilikuwa nyeupe, zinang'aa, na harufu imekwisha kabisa. Akafunika karo, moyo wake mweupe kama zile kokoto.

Jioni Shangazi alirudi amechoka. "Umeosha kama nilivyokuagiza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa maji ya bwawa?"

"Ndiyo."

"Mungu akubariki, mwanangu. Kesho tubadilishe maji. Vifaranga wameanza kuhema."

Asubuhi Shangazi alikuwa ameshika koki ya matangi wakati Mama Ndoo, jirani wa upande wa chini wa kijito, alipoingia mbiombio.

"Hodi humu! Dada, jike langu limefumba mdomo! Limebeba mayai mdomoni, hata chakula linakataa!"

"Mungu mkubwa!" Shangazi alisema. "Umelitoa?"

"Nilitoe lishtuke liyateme? Mimi si mjinga hivyo!" Mama Ndoo alicheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Chiriku alijua machozi yale yametoka wapi. Kabla karo halijajengwa, maji ya matangi yaliingia moja kwa moja kijitoni, na kutoka kijitoni yakaingia bwawa la Mama Ndoo. Samaki wake wadogo walikua madume watupu. Kizazi kikakatika. Watoto wake wakala ugali mkavu, na yeye na Shangazi wakawa hawasalimiani.

"Shangazi," Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "ule ute una kazi gani hasa?"

"Si nilikwambia? Ndimo wanamokaa bakteria. Viumbe wadogo, jicho haliwafikii. Wao ndio wanaoila ile homoni na kuivunjavunja. Mola hakuumba kitu bure. Bila wao, hizi ni kokoto tu." Akaanza kuzungusha koki.

"Usifungue!"

Wanawake wote wawili waligeuka.

"Niliosha kwa dawa," Chiriku alisema. "Zote. Jana nilikudanganya."

Shangazi alifunua karo, akatoa kokoto moja, akaikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka kitu.

"Umewaua," alisema.

Mama Ndoo alimshika Shangazi mkono. "Dada, nakuomba..."

"Maji siyafungui. Na hapa hakuna pengine pa kuyamwaga, kila shimo huvujia kijitoni."

"Na vifaranga?" Chiriku aliuliza.

"Maji yamechafuka, hewa imewaishia. Kuwahamisha sasa hawabebeki."

Waliacha kuwalisha, wakaacha pampu ya hewa ikinguruma, lakini mchana vifaranga walianza kuelea. Chiriku aliwachota kwa chujio la chai, tangi baada ya tangi, akawafukia.

"Shangazi, si bora unichape?"

"Nikikuchapa atafufuka nani?"

Kesho yake Shangazi alikwenda kwa mfugaji mwenzake akarudi na ndoo ya ute kutoka karo lake. Chiriku aliupaka kokoto kwa mikono yake mwenyewe. Wiki zikapita, matangi bila samaki, maji yake yakizungushwa karoni na kurudishwa. Kokoto zikaanza kupata rangi ya manjano, hatimaye kahawia. Mpima maji alipochukua sampuli na kurudi na jibu kwamba maji yanayotoka karoni ni safi, Shangazi aliweka vifaranga wapya.

"Bwawa limerudi!" Redio alipiga kelele darasani.

"Limerudi," Chiriku alijibu. "Tena limechelewa."

Jioni hiyo walikwenda kumtazama Mama Ndoo akiwalisha samaki wake. Wadogo walikuwa wengi, wanameremeta pembeni mwa bwawa. Shangazi alimshika Chiriku bega.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Wewe ulisema kabla hayajamwagika, ndiyo maana hawa wako hai. Lakini ungesema jioni ile nilipokuuliza, wa kwetu ningewahamishia kwa mwenzangu wakiwa bado na nguvu. Ukweli hauozi, mwanangu. Ila ukicheleweshwa, kuna anayekufa akiusubiri."